Majani Tuliyoyafuta Vumbi

Watu wakinisifu siku hizi kwamba nilisaidia wasichana wa kompyuta, huwa nawaambia wangoje kwanza niwaeleze jinsi nilivyomharibia mmoja wao. Nilimharibia kwa mkono wangu huu wa kushoto, wenye kidole cha mwisho kilichopinda.

Kidole chenyewe alikipinda mume wangu. Alikibana kwenye mlango wa jikoni akasukuma, kwa sababu mboga ilikuwa na chumvi nyingi. Amekufa sasa, na kwetu marehemu hasemwi, lakini mimi nasema. Aliyenitoa shule darasa la sita ni baba yangu, ili ndugu yangu asome. Ndugu yangu akasoma, na baada ya kusoma hakusomesha mtu. Aliyeniondoa kwenye shamba la Navakholo, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Majina yao siandiki, wenyewe wanajijua. Nimewataja mwanzoni ili mtu asinisome mpaka katikati halafu aulize mbona huyu mama ana uchungu hivi.

Nina hoteli ndogo mjini Kakamega, karibu na geti la chuo. Meza nne, jiko la kuni nyuma, na soketi moja tu ya umeme ukutani, pale karibu na kabati ya mandazi. Hiyo soketi ndiyo iliyoniletea wasichana. Jumamosi moja aliingia mwalimu wa chuo, mama wa rika langu, nywele fupi, viatu vya kutembea. Nyuma yake wasichana sita wamebeba kompyuta za mapajani. Akaniuliza kama wanaweza kukaa kutoka saa nne mpaka saa saba, wakinunua chai. Nikamuuliza kwa nini wasikae kwenye maabara yao, si chuo ni kikubwa.

"Ufunguo uko na mwenyewe," akasema.

Mwenyewe alikuwa msimamizi wa maabara, mwanamume wa tai. Niliendelea kusikia habari zake Jumamosi baada ya Jumamosi, nikipeleka chai, na masikio yangu hayakuwahi kutolewa shule. Kulikuwa na kompyuta moja kubwa yenye nguvu, na kila mtafiti alitakiwa kungoja zamu yake. Wasichana walikuwa wakijiandikisha, halafu wakifika wanakuta zamu imepewa kijana. Kwenye mikutano wao ndio waliandika yaliyosemwa. Wageni wakija, wao ndio waliotumwa soda. Yule msimamizi alikuwa na neno lake: "Nyinyi wasichana mna mikono mizuri ya kukusanya. Wacheni vijana wafundishe mashine."

Kufundisha mashine ndiyo kazi yao wote. Nilifikiri ni jambo la ajabu, kumbe ni kama kufundisha mtoto mdogo. Unaionyesha kompyuta picha elfu za kitu, unaiambia hiki ni hiki, kile ni kile, mpaka siku moja inakutambulia yenyewe kitu ambacho haijawahi kukiona.

Mwalimu aliwawekea sheria moja hapo mezani. Kila mmoja aje na kitu kimoja kilichomharibikia wiki hiyo, akiweke mbele ya wenzake, na hakuna kucheka mpaka mwenye kitu acheke kwanza. Mimi sheria hiyo ilinishinda. Kwetu kwenye chama cha akina mama unakuja na kilichofaulu. Kilichoharibika unakifunika na sufuria.

Mmoja wao alitoka Lumakanda. Mama yake ni mkulima wa mahindi huko, na yeye alikuwa hapa kwa digrii ya pili. Alikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya mrenda huku akisoma, akaacha nyama mpaka mwisho kama mtoto. Aliniita senje, kama ningekuwa dada ya baba yake, na sikumkataza. Kazi yake ilikuwa hii: mkulima apige picha ya jani la mahindi kwa simu, na simu imwambie kama ni zima au lina ugonjwa wa michirizi, ule unaochora jani mistari ya manjano mpaka muhindi unabaki mfupi kama umekatazwa kukua.

Alihitaji picha nyingi, kutoka mashamba ya kweli. Akaniuliza kama nawajua akina mama wa kijijini wenye simu. Nikamwambia nina chama Navakholo, wanawake tisa, na nina nusu ekari ya kukodi hapohapo, umbali wa kurusha jiwe kutoka shamba nililonyang'anywa.

Alikuja na bodaboda, akatuketisha chini ya paa la kanisa, akatufundisha. Jani moja, picha moja. Mazima yawekwe upande huu wa simu, magonjwa upande ule. Alieleza vizuri, kwa heshima, na hakujifanya anajua kulima kutushinda. Tukaitikia. Akaondoka ameridhika, na sisi tukaanza kazi vile sisi tulivyoona kazi inapaswa kufanywa.

Nieleze hapa, kwa sababu mtu wa mbali hataelewa. Shamba ni kama sebule. Mgeni akiona mahindi yako ameona nyumba yako. Tuliposikia picha zinaenda chuoni, kuangaliwa na watu wenye digrii, hakuna aliyekubali jani lake liende na vumbi usoni. Tuliyafuta kwa leso. Tulitema mate kidogo pale ambapo vumbi lilikataa kutoka, kama unavyomsafisha mtoto kabla ya kuingia kanisani. Halafu mmoja analishika jani kwa kiganja, linanyooka vizuri, mwingine anapiga picha. Mara nyingi mshikaji alikuwa mimi.

Na majani magonjwa? Hapo ndipo kila mtu alikuwa na sababu. Huyu anasema kwake hakuna ugonjwa, na sote tulijua upo. Yule anasema bwana yake hataki. Hakuna mke atakayekubali shamba lake liandikwe gonjwa. Basi mimi nikasema nalijua shamba ambalo limejaa. La shemeji yangu. Lile lile langu.

Tulikuwa tunaingia siku ya soko, yeye akiwa ameenda kuuza. Shamba liko kando ya barabara ya murram, isiyo na lami, na bodaboda kutoka asubuhi zinalirushia vumbi jekundu. Tulipiga picha haraka, kutoka juu, bila kushika, maana nani atashika jani la adui, na nani atalifuta. Picha zote za ugonjwa zilitoka hapo. Nitasema ukweli: kila nilipobonyeza simu nilisikia raha. Niliona kama naandika barua kwa wakubwa kwamba mtu huyu ni mchafu.

Mashine ilipofundishwa kwa picha zetu, ilifaulu kupita kiasi. Msimamizi akaanza kusema "kazi yetu". Wakati wa picha alikuwa akisema "picha zako". Akapanga siku ya kuionyesha mbele ya wageni, kwenye mashamba ya Chekalini, ambako hakuna picha hata moja iliyokuwa imepigwa.

Yaliyotokea Chekalini niliyasikia kwa msichana mwenyewe. Kila jani mashine ilisema gonjwa. Walienda kwa mzee mwenye mahindi ya kijani kibichi, marefu, ya kumfanya jirani aone wivu, na simu ikasema yote yana michirizi. Mzee akaishika simu, akaigeuza huku na huku.

"Binti yangu," akasema, "hapa inayougua ni simu."

Wageni wakacheka. Msimamizi hakucheka. Akawaambia mbele ya msichana, "Hii ndiyo sababu nilitaka vijana wafanye." Siku iliyofuata akamwita ofisini. Jumatatu ya wiki mbili zijazo kungekuwa na jopo la walimu. Yeye angependekeza kazi ipewe kijana wa maabara, na msichana atafute kitu kingine kidogo cha kuandika. Kitu kingine maana yake ni kuanza mwanzo, na ufadhili wake ulikuwa unakoma mwaka huo huo. Maana yake ni Lumakanda, na jembe.

Jumamosi alikuja amechelewa. Alikaa mwisho wa meza, kompyuta imefungwa. Wenzake waliweka ya kwao, ikafika zamu yake, akatikisa kichwa.

"Weka tu," mwalimu akasema.

"Mwalimu, yangu siyo ya kuweka. Yangu ni ya kuzika."

"Basi tuweke maiti mezani tuone alikufa na nini."

Akafungua. Mwalimu akakataa kuonyeshwa hesabu za mashine. Akasema tuangalie picha kwanza, kwa macho, moja moja, mazima ishirini na magonjwa ishirini. Wasichana wakasogeza viti. Mimi nilikuwa napita na chupa ya chai.

"Haya mazima ni marembo," mmoja akasema. "Kama yametoka saluni."

"Wewe, hebu," mwenzake akamgusa.

"Nasema tu. Mahindi ya kwetu hayang'aangi hivi."

Mwalimu aliendelea kupitisha picha. Kisha akasimama kwenye moja, akarudi nyuma, akaenda mbele. "Na huu mkono ni wa nani? Karibu kila jani zima liko kiganjani. Magonjwa hayana mkono. Angalieni hiki kidole."

Wakaangalia. Nami nilikiangalia, kwenye kioo cha kompyuta, halafu kwenye chupa ya chai, maana ndicho kilichokuwa kimeshika mpini. Hakuna aliyekuwa ameniangalia bado. Ningeweza kuingia jikoni. Niliwaza watasema, unaona, hawa wamama hawakusoma. Niliwaza akina mama wa chama, na kile kipato kidogo tulicholipwa kwa picha. Kisha nikamwona yule msichana akiwa amekunja mabega, kama mtu anayengoja kupigwa na hajui atapigwa upande gani. Mkao huo naujua. Nilikaa hivyo siku niliyorudi nyumbani na vitabu kwenye karatasi ya sukari, baba akaniambia hakuna kesho ya shule.

Nikaiweka chupa chini.

"Ni wangu," nikasema.

Mwalimu akanivutia kiti. "Kaa hapa. Mlikuwa mnashikanga hivi?"

"Tulikuwa tunashika lionekane vizuri. Na kabla ya hapo tunalifutanga na leso."

"Mnafuta nini?"

"Vumbi. Ungependa uende chuoni na uso mchafu?"

"Na haya magonjwa?"

"Hayo hatukufuta."

"Kwa nini?"

"Hayo hayakuwa yetu," nikasema, halafu nikaeleza yote, shemeji, siku ya soko, barabara ya murram, na ile raha. Raha niliisema pia, kwa sababu ukiwa umeanza kutapika huchagui.

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa anaandika. "Basi mashine haikukosea," akawaambia wasichana. "Imeshika kile ilichofundishwa. Jani safi lililoshikwa ni zima. Jani lenye vumbi ni gonjwa. Chekalini kila jani lina vumbi na hakuna aliyelishika."

Msichana wa Lumakanda akainuka, akatoka nje, akasimama barabarani ametupa mgongo. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu.

"Senje, mngeniambia."

"Hukuuliza," nikasema. Lilitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Akavuta kiti, akaketi. Halafu akasema polepole, "Ni kweli. Niliwaeleza kila kitu na sikuwauliza hata moja. Hata mama yangu hufutanga." Na ndipo akacheka kidogo, kwa huzuni, na kwa sheria ya meza wenzake wakaruhusiwa kucheka.

Mmoja akasema, "Lakini jopo likisikia hivi, yule atasema ni makosa ya wamama wasiosoma."

"Atasema," mwalimu akakubali. "Kwa hivyo tufanye mazoezi ya kumjibu. Nani atakuwa yeye?"

Walijaribu kati yao. Wakashindwa, walikuwa wapole mno, na wakimaliza sentensi wanaomba radhi. Mimi nikafungua aproni nikaitupa mgongoni mwa kiti. Nikawaambia niachieni mimi.

Nilimkatiza yule wa Lumakanda kabla hajamaliza neno la tatu. Nikatazama simu wakati anaongea. Nikamwita "msichana". Nikamwambia sauti yako haisikiki, nikamwambia sasa unapiga kelele. Nikamuuliza nani alimsaidia, kwa sababu haiwezekani alifanya peke yake, na nikamuuliza kwa nini alifanya peke yake bila kuomba msaada. Hakuna neno nililolitunga. Yote nimeyabeba kwa miaka, ya baba, ya mume, ya shemeji, ya chifu niliyemwendea baada ya kufukuzwa akaniambia nirudi na mwanamume wa kunisemea.

Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alijibu akiangalia meza. Mara ya tatu nilipomkatiza, aliniangalia machoni akasema, "Nitamaliza, halafu nitakusikiliza." Wenzake wakapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mandazi yaliungua jikoni siku hiyo na sikujali.

Lakini maneno matupu hayatoshi, mwalimu alisema, lazima waone. Alitaka jani moja lipigwe picha mara mbili: kwanza na vumbi lake, kisha likiwa limefutwa. Mazima na magonjwa, na safari hii kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mwenye shamba lenye vumbi na ugonjwa pamoja nilimjua mmoja tu.

Mimi na msichana tulienda Navakholo Jumanne. Nilikuwa sijakanyaga ua huo waziwazi, nikiwa nimenyooka, tangu siku ya mazishi. Shemeji yangu alikuwa amekaa kwa stuli akinoa panga. Alituona, akaendelea kunoa.

"Mulamwa," akaniita, kama wanavyoitana shemeji kwetu. "Leo umepita kwa mlango."

"Nimepita kwa mlango."

"Siku zingine unapitanga kwa ua. Mke wangu aliwaona. Alisema mnaniroga mahindi. Nilitaka kuita mhubiri."

Msichana alimwamkia kwa magoti kidogo, kama alivyofundishwa kwao, akamweleza kila kitu, hata yale ya kuingia bila ruhusa, na akaomba msamaha kwa niaba ya kazi yake. Halafu akamuuliza maswali. Alipanda lini, mbegu gani, vumbi linakuja saa ngapi, yeye mwenyewe anajuaje jani limeugua. Alimuuliza kwa muda mrefu na alingoja majibu. Nilielewa kwamba ameyafanyia kazi yale niliyomwambia.

Shemeji akainuka, akatupeleka shambani mwenyewe. Akashika jani lenye mistari ya manjano. "Hili linanimaliza," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mdogo. "Nilifikiri ni machozi ya huyu." Alinionyesha kwa kidevu.

"Machozi yangu hayana faida hiyo," nikamwambia. "Ni wadudu wadogo wanaonyonya jani hili na kulibebea lile ugonjwa. Muulize huyu."

Sikumsamehe. Lisije likaeleweka vibaya. Nilimshukuru kwa majani, nikaondoka kwa mlango ule ule.

Hapo hapo kando ya barabara msichana aliijaribu simu. Jani zima lenye vumbi: gonjwa. Akalifuta kwa leso yangu, jani lile lile: zima. Akafanya hivyo kwa jani la pili, la tatu, la nne, na kila mara nilisikia pumzi yake ikishuka.

Kwenye jopo sikuwepo, nilikuwa napika. Msichana alikuja baada ya saa nane, akaketi, akaomba maji. Msimamizi alikuwa amesema kama tulivyotarajia, wamama wasiosoma. Naye akajibu kwamba wamama walifanya walivyofanya kwa sababu nzuri, na kosa ni la mtafiti ambaye hakuwauliza, na mtafiti huyo ni yeye, na sasa ameuliza. Kisha akawaonyesha zile picha mbili mbili za kila jani. Msimamizi alijaribu kumkatiza.

"Ukasema nini?" nikauliza.

"Nikasema nitamaliza, halafu nitakusikiliza."

Walimwachia kazi yake kwa msimu mmoja zaidi. Msimamizi alibaki msimamizi, na kwenye karatasi jina lake bado linakaa mbele. Ufunguo bado uko mfukoni mwake, na wasichana bado wanakuja kwa soketi yangu, tisa sasa. Mimi siwezi kumaliza hii kwa kusema haki ilipatikana. Kilichopatikana ni msimu.

Mahindi ya msimu mpya yalipofika kiunoni tulianza upya, na mimi ndiye niliyewafundisha akina mama, paa lile lile la kanisa. Usifute. Usishike. Na kila mmoja alete majani yake mwenyewe, mazima na magonjwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilienda kwenye nusu ekari yangu. Mstari wa tatu, karibu na migomba, ugonjwa ulikuwa umeingia tangu wiki iliyopita na sikuwa nimemwambia mtu. Leso ilikuwa begani. Mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kutaka kulishika jani, nikauweka nyuma ya mgongo. Nikapiga picha, vumbi na yote, nikaituma.

Jibu lilikuja kabla sijatoka shambani. "Senje, hili ni la nani?"

Nikaandika, "Langu."